Miezi ya Kufunga Mwamba: Kanuni za Nyakati na Zana za Uvuvi



Atembeaye Forodhani, Mji Mkongwe wa Unguja, baada ya sala ya magharibi huona meza zimepangwa na taa zimewashwa, na juu ya meza minyiri ya pweza imelala mikunjo mikunjo, mingine minene kama mkono wa mtoto, mingine myembamba kama kidole. Wageni hununua, wenyeji hununua, na ni wachache waulizao kwa nini huyu ni mnene na yule ni mwembamba. Leo twataka kulijibu swali hilo dogo, kwa maana ndani yake mna habari kubwa ya kanuni za uvuvi: nyakati ambazo mtu huruhusiwa kuvua, na zana ambazo huruhusiwa kuvulia.

Tumeingia katika habari hii kwa kulazimishwa na mwanafunzi. Kijana mmoja wa chuo cha ualimu, mtoto wa mvuvi, alisimama darasani akasema: "Mwalimu, mtu akikatazwa kuvuna shamba la mwenziwe twaelewa, kwa sababu mwenziwe amelima. Samaki hakuna aliyempanda. Basi wakubwa wamepata wapi haki ya kumwambia baba yangu angoje?" Tulijaribu kumjibu kwa maneno ya kitabu, naye akanyamaza kwa adabu, lakini tuliona usoni mwake kwamba hakuridhika. Nasi hatukuridhika. Tuliichukua hoja yake nyumbani, na mazungumzo haya ndiyo malipo ya deni lile.

Kanuni za majira na zana zajulikana zaidi katika maji matamu, yaani mito na maziwa. Kisiwa chetu hakina ziwa wala mto mkubwa. Mvua inyeshapo juu ya mawe ya matumbawe huzama chini, ikaja kuonekana visimani na mapangoni. Vijito kama ule wa Mwera havitoshi kumlisha mvuvi. Kwa hiyo aliyezaliwa Unguja hukutana na kanuni hizi pwani, penye maji ya chumvi. Hata hivyo yafaa tuanze bara, kwa sababu huko maji yana kingo, na mtu huweza kuona kwa urahisi zaidi kilichotokea kanuni ilipowekwa na kilichotokea ilipoondolewa.

Mwaka 1905 mayai ya samaki aitwaye trauti yaliletwa Kenya kutoka Loch Leven, Scotland, yakatiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Samaki huyu hakuletwa kuwa kitoweo cha wenyeji. Aliletwa ili mabwana wapate mchezo wa kuvua kama walivyozoea kwao. Palipo mchezo pana kanuni za mchezo, na kwa hiyo katika mito mingi ya trauti ndoana yenye chambo cha kweli hukatazwa, ikaruhusiwa ile tu iliyofungwa manyoya kama nzi. Twaitaja habari hii kwa ufupi, kwa sababu moja tu: watu wengi wa Afrika Mashariki walizisikia kanuni za uvuvi kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo, wakadhani kwamba kanuni zote ni starehe ya mtu asiye na njaa. Dhana hiyo haijatoka vichwani hata leo.

Ziwa Victoria latufundisha jambo zito zaidi. Katika miaka ya 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham alilichunguza ziwa lile, akaona kwamba ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, ameanza kupungua kwa ajili ya nyavu za kutega. Alishauri matundu ya nyavu yasipungue inchi 5, ili ngege mchanga apite na mzima anaswe. Kanuni hiyo ikawekwa mwaka 1933 katika nchi zote tatu zilizolizunguka ziwa. Lakini kadiri ngege wakubwa walivyozidi kuadimika, ndivyo wavuvi walivyozidi kutumia nyavu za matundu madogo kwa siri, na kuzilinda pwani ndefu kama zile kukawa kazi isiyowezekana. Mwaka 1956 Uganda na Tanganyika ziliiacha kanuni, na Kenya ikafuata mwaka 1961. Nyavu ndogo zikaingia kwa halali. Baadaye sangara naye, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ile ile, akala waliosalia. Leo kuna watu wazima wa kandokando ya ziwa wasiomjua ngege ila kwa jina.

Na Ziwa Tanganyika latufundisha habari ya majira. Nchi nne zenye ziwa hilo, yaani Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilikubaliana kulipumzisha, na mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi humo tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, ili dagaa na mgebuka wapate kuzaa na kukua. Kwa miezi mitatu taa za mitumbwi ya dagaa hazikuonekana usiku. Mtu wa Kigoma aliyezoea kula kwa kazi ya usiku mmoja mmoja hana ghala. Mwambie angoje miezi mitatu, umemwambia neno zito. Nchini Zambia, katika maziwa na mito mingine, desturi ya kufunga ni ya miaka mingi zaidi: kuanzia tarehe 1 Desemba hata mwisho wa Februari, wakati samaki watagapo.

Basi kuna kanuni za namna mbili. Kanuni ya zana husema: vua leo, lakini mwache mdogo apite. Kanuni ya majira husema: leo usivue kabisa, rudi siku fulani. Ya kwanza ni rahisi kwa mvuvi kuivumilia na ni ngumu kuilinda, kwa maana wavu huzama majini na hauonekani. Ya pili ni rahisi kuilinda, kwa maana chombo kikionekana juu ya maji yaliyofungwa hakuna haja ya maswali. Lakini kuivumilia ni kugumu, kwa maana hugusa chungu kilicho mekoni. Msomaji aishike tofauti hii, tuvuke naye sasa mpaka kwetu, penye pweza.

Pweza wa miamba yetu ni mnyama wa ajabu, na walimu wa elimu ya viumbe wangepata somo la wiki nzima kwake peke yake. Huwinda mchana, akala kaa na kombe, na maganda huyatupa nje ya shimo lake. Ndiyo sababu bibi mwenye macho mazoefu hujua shimo lenye mwenyewe na shimo tupu. Hubadili rangi yake kufuata jiwe alilokaa. Lakini yatupasayo zaidi leo ni mambo mawili: umri wake na ukuaji wake.

Umri wake ni mfupi. Pweza huyu huishi mwaka mmoja au mwaka na nusu hivi, asiuone wa tatu. Jike hutaga mara moja tu maishani mwake. Huingia shimoni, akatundika mayai yake, malaki ya mayai, akayalinda muda wa mwezi hivi, akiyapuliza maji safi na kuyasafisha, wala hali chakula. Mayai yakiisha kuanguliwa, yeye hufa. Anayemtoa jike shimoni wakati ule amechukua nyama iliyokonda, na amepoteza uzazi wote wa maisha yake. Watoto waliotoka huelea na mikondo ya bahari kwa wiki kadha kabla ya kutua chini, na huenda wakatua mbali sana na mwamba wa mama yao.

Tena hukua upesi mno. Pweza mchanga aweza kuongeza uzito wake mara mbili kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Hebu tufanye hesabu ya ubaoni, kwa tarakimu za kukisia tu. Tuseme juu ya mwamba kuna pweza 100, kila mmoja nusu kilo. Tukiwavua leo wote tutapata kilo 50. Tukiwaacha miezi mitatu, baadhi wataliwa na mikunga, na baadhi watahama. Tuseme 40 wapotee, na 60 waliosalia wawe na kilo 2 kila mmoja. Tutapata kilo 120. Hakuna aliyelima, hakuna aliyepalilia; tumengoja tu. Hapo ndipo tofauti ya mnyiri mnene na mwembamba ilipo.

Msomaji ataona kwamba faida hii yatoka zaidi katika kukua kwa pweza waliopo kuliko katika mayai, kwa sababu watoto wa mayai yale huenda wakawa wa kijiji kingine. Kwa hiyo kijiji kimoja kikifunga mwamba wake hupata malipo yake chenyewe, tena kwa muda mfupi, kabla subira haijaisha. Hii ndiyo sababu kanuni ya miezi mitatu humfaa pweza. Haimfai chewa. Chewa huchukua miaka mingi kukua, na wengi wa jamaa yake huanza maisha wakiwa majike, kisha wakubwa wao wakageuka madume. Ukimfungia miezi mitatu kisha ukamwendea kwa pupa, hukumfanyia lolote. Kwake yeye hutakiwa mahali palipofungwa daima, kama mwamba wa magharibi wa kisiwa cha Chumbe, chenye ule mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Serikali ilikatazia uvuvi hapo mwaka 1994, na miongoni mwa walinzi wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji vya karibu. Asemaye "tufunge bahari" bila kusema kwa ajili ya mnyama gani, bado hajasema neno.

Kufunga mwamba kwa ajili ya pweza kulijaribiwa kwanza Madagascar, kijijini Andavadoaka, kusini-magharibi mwa kisiwa kile. Mnamo Novemba 2004 watu walifunga sehemu ya miamba yao, wakaifungua katikati ya mwaka 2005, wakakuta pweza wakubwa. Habari ikaenea vijijini. Katika miaka ya 2010 ilifika kwetu, Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, na baadaye upande wa kusini wa Unguja, Kizimkazi, ndani ya Hifadhi ya Ghuba ya Menai iliyotangazwa mwaka 1997. Kizimkazi twaijua sote kwa msikiti wake wa Dimbani wenye maandishi ya mwaka 1107. Sasa imepata sababu nyingine ya kutajwa.

Mambo huenda hivi. Kamati ya wavuvi ya shehia huita mkutano. Watu wa mishipi, wa madema, wazamiaji, na wanawake wachokoao kwa miguu, wote hupaswa kuwapo. Huchagua sehemu moja ya mwamba, wala si mwamba wote, ili siku za kungoja watu wawe na mahali pengine pa kupata kitoweo. Hutia maboya kuonyesha mpaka, wakapanga zamu za walinzi, wakatangaza siku ya kufunga na siku ya kufungua. Katika muda ule hakuna ashukaye pale, hata mwenye mshipi, maana mwenye mshipi akiruhusiwa nani atajua kama hakubeba na mchokoo? Siku ya kufungua huwa kama sikukuu: wageni huja, wapimaji huja na mizani, wanunuzi huja na barafu, na tangu alfajiri pwani hujaa watu.

Yote haya ni mazuri kuyasema redioni. Lakini tulipowapeleka wanafunzi wetu katika kijiji kimoja cha kusini, tusichokitaja jina, tulikutana na upande wa pili wa habari. Ilikuwa wakati wa bamvua. Kwetu maji ya bamvua huweza kupanda na kushuka karibu mita 4, na yakipwa asubuhi mwamba wote hutoka nje kama uwanja. Tulimkuta bibi mmoja, kikapu begani, mti mkononi, akirudi nchi kavu. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, wanangu." Tukamwuliza kama sehemu iliyofungwa imeleta faida.

"Imeleta," akasema. "Mimi sikatai. Pweza walikuwa wakubwa, nimewaona kwa macho yangu mikononi mwa watu. Lakini, mwalimu, mimi huenda kwa miguu. Sharti bahari initoke mpaka hapa" — akashika goti lake — "ndipo nifike. Vijana wana miwani na mapezi. Wao hawangoji maji yapwe. Siku ile walikuwa ndani tangu giza. Nilipofika mimi, mashimo yalikuwa hayana wenyewe. Nimengoja miezi mitatu, wao wamevuna kwa saa tatu."

Kijana wetu, yule mwenye swali, akamwuliza, "Basi bibi, wataka kanuni iondolewe?" Yule bibi akamtazama kama amtazamaye mtoto aliyekosea hesabu nyepesi. "Nani kasema iondolewe? Nasema waifungue mchana."

Maneno hayo mafupi yalitufaa kuliko vitabu. Zamani kuchokoa pweza ilikuwa kazi ya wanawake, na pweza alikuwa kitoweo cha nyumba na fedha kidogo ya chumvi na daftari za watoto. Tangu miaka ya 1990 utalii ulipokua na wanunuzi wa kupeleka nje walipoanza kufika, bei ilipanda, wanaume wakaingia kwa miwani na mapezi, wakawafuata pweza mpaka kina ambacho mguu haufiki. Hatuwalaumu, nao wana watoto. Lakini kanuni ya majira, ijapokuwa hufunga mlango kwa wote sawasawa, haiwafungulii wote sawasawa. Aliye karibu na mlango na mwenye mbio huingia kwanza. Twaona kwamba kamati yoyote ipangayo siku ya kufungua bila kutazama hesabu ya maji imekwisha kuchagua nani atapata, ijue isijue. Rai yetu, nasi twaisema wazi, ni kwamba siku hiyo iwekwe katika bamvua lenye kupwa mchana. Saa za kwanza wapewe waendao kwa miguu. Na wazamiaji wapewe ukingo wa nje ambao wenye miguu hawaufikii. Hili si jambo la fedha nyingi. Ladai kalenda ya mwezi na mkutano wa haki.

Kuna na hatari ya pili siku ile ile, nayo ilionekana tangu Madagascar: watu wakirundikana wote kwa mara moja, faida ya miezi huliwa kwa siku chache, na mwamba hurudi kuwa kama ulivyokuwa. Tena pweza wengi wakifika mnadani asubuhi moja, bei huanguka, mnunuzi akacheka. Mkulima wa karafuu alijua zamani kwamba mavuno yakijaa bandarini bei hushuka. Mvuvi wa pweza naye ana haja ya kuambiwa, na ya barafu ya kumwezesha kungoja siku mbili.

Sasa zana, nasi tutazipitia kwa haraka, ila mbili tatu zitakazotusimamisha. Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar, Na. 7 ya mwaka 2010, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1988, yakataza kuvua kwa baruti na kwa sumu. Sababu za hizo hazihitaji mwalimu. Baruti huua wakubwa na wadogo, ikavunja na nyumba yao. Pwani ya bara, upande wa Dar es Salaam na Tanga, ilijeruhiwa hivyo kwa miaka mingi tangu miaka ya 1960. Utupa na sumu nyinginezo huua hata asiyekusudiwa. Bunduki ya mishale imekatazwa kwetu kwa sababu humpa mzamiaji nguvu ya kumfuata samaki mkubwa mpaka pangoni mwake, akamaliza wazazi kwanza.

Juya la kukokota, na ule uvuvi uitwao kigumi ambamo watu hupiga maji na miamba kwa miti ili samaki wakimbilie wavuni, ndizo zenye ugomvi mwingi. Katika Ghuba ya Chwaka, upande wa mashariki wa kisiwa, ugomvi huu una miaka mingi. Watu wa Marumbi hutega madema, mitego ya kusukwa, juu ya majani ya bahari ambamo tasi na changu hulisha. Wenye nyavu za kukokota, wengi wao wa Chwaka, hupita juu ya majani yale yale, wakayang'oa, na mara nyingine wakayaburura madema ya wenzao pamoja na samaki. Maneno yamegeuka kuwa matusi, na matusi kuwa magomvi. Ukimsikiliza mtu wa madema, juya ni uharibifu. Ukimsikiliza kijana wa juya, atakwambia kwamba juya hulishwa na watu wengi, na kwamba mtu asiye na chombo chake wala madema yake aweza kushika kamba akapata fungu. Wote wawili wasema kweli. Ndiyo maana kumnyang'anya mtu juya bila kumpa zana nyingine ni kumhukumu kwa ufukara wake, naye atarudi usiku. Kwingine katika visiwa vyetu watu wamebadilishiwa nyavu mbaya kwa nzuri, na hiyo twaiona ni njia ya akili zaidi kuliko kuchoma nyavu hadharani.

Na tusiwatukuze wenye madema kupita kiasi. Dema lililosukwa kwa matundu makubwa humwacha mchanga atoke. Lililosukwa kwa matundu madogo ni juya lililokaa kimya. Vivyo hivyo mchokoo. Mti wa kuchokolea ni zana ya upole, lakini wengine hubeba mtalimbo wa chuma, wakavunja tumbawe ili kulifikia shimo. Shimo likivunjwa, pweza wa mwezi ujao hana pa kuhamia, na tumbawe huchukua miaka mingi kuota tena. Yule bibi alituonyesha mti wake: mwembamba, umelainika kwa mkono. Akasema alirithi ufundi, si mti. Miti huvunjika, lakini shimo alilofundishwa na mama yake bado lapo, naye huenda huko kila bamvua.

Tanzania Bara yaongeza kanuni ya uzito: chini ya kanuni zake za uvuvi za mwaka 2009, pweza aliye chini ya gramu 500 haruhusiwi kuvuliwa. Twaipenda kanuni hii kwa kuwa mtu yeyote aweza kuishika bila kuingia majini. Mpishi wa Mji Mkongwe, mwenye meza Forodhani, mama aendaye soko la Darajani na kikapu chake, wote wana mizani machoni. Pweza mdogo asiponunuliwa, hakuna atakayeamka alfajiri kumtafuta.

Turudi kwa kijana wetu. Tulipokuwa garini twarudi mjini tulimwambia jibu letu, lililochelewa majuma kadha. Ni kweli, samaki hakuna aliyempanda. Na kwa sababu hiyo hasa hakuna awezaye kumngoja peke yake. Mwenye shamba akingoja muhogo wake ukomae, ataukuta. Baba yako akimwacha pweza mdogo leo kwa hisani yake, jirani atamchukua jioni, naye baba yako atakuwa amefanywa mjinga kwa wema wake. Kanuni haimnyimi haki ya kuvua. Humpa ile aliyokuwa hana, haki ya kungoja bila kuibiwa. Na ikiwa kanuni imemngojesha, kisha siku ya kufungua akakuta mwingine ametangulia, basi imevunja ahadi yake yenyewe, naye ana haki ya kusimama mkutanoni na kusema, kama alivyosema yule bibi.

Kijana alifikiri kitambo, gari likapita Kitogani. Kisha akauliza, "Na mwalimu, mkutano huo, mama huitwa?"

Tulimjibu kwamba kwa kanuni za kamati huitwa. Akasema kwao mkutano hufanyika dikoni, jioni, saa ya kupika.

Atakaye kujua ni mwamba upi umefungwa na mpaka lini, na aulize kwa sheha au kwa kamati ya wavuvi ya mahali kabla ya kushuka. Hii ni pamoja na sisi wa mjini tuendao Jumapili na mshipi wa kujifurahisha, tukidhani kwamba kanuni ni za wavuvi wa kazi tu. Mkutano ujao wa kijiji kile tumeambiwa utakuwa asubuhi.